Mayai Yanaandikwa kwa Pini

Mikono yangu ndiyo shule niliyosoma. Nilisuka vichwa Uvira, nikasuka vichwa Lusaka tulipokuwa njiani, na tangu mwaka 2008 nasuka Durban, mjini kati, ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Nayasema haya mapema ili usiniulize baadaye imekuwaje mwanamke wa Uvira, mlokole, asiyekosa maombi ya Ijumaa, akajua kuandika mayai ya Pasaka ya watu wa milima ya Karpati. Milima yenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia. Ni mikono tu.

Ilianza kwa mteja. Kulikuwa na mama mmoja mzungu aliyekuwa akimleta binti yake wa kulea kusukwa kwangu kila mwezi. Siku moja, mwaka 2011, akaniambia ana jirani huko Queensburgh, bibi mjane anayeishi peke yake, na binti wa yule bibi yuko ng'ambo, anamtafutia mama yake mtu wa kumpikia na kumwogesha siku nne kwa wiki. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba kwa kusimama, nikasema bon, twende tuone. Yule mteja akaniambia pia nijihadhari, bibi ni Mrusi na ana mdomo. Nikamwambia na mimi ninao.

Bibi alinifungulia mlango nusu. Alikuwa mfupi, amejifunga kitambaa chini ya kidevu, ameegemea fimbo. Kiingereza chake kilikuwa kizito kuliko changu, na hilo lilinifurahisha.

"Wewe wa wapi?"

"Kongo."

"Kongo ipi?"

Eish. Miaka mitatu Durban, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ipi. Nikasema ile kubwa. Akauliza ilikuwa inaitwaje kabla ya kuitwa hivyo. Nikamwambia Zaire. Akaguna, akafungua mlango wote. Nami nikaona nirudishe heshima, nikamuuliza yeye anatoka sehemu gani ya Urusi. Alinikazia macho mpaka nikatazama viatu vyangu.

"Si Mrusi mimi," akasema. "Mrusini. Kaa chini, nitakueleza mara moja tu."

Hakueleza mara moja. Alieleza miaka yote niliyokaa naye, nikimenya viazi, nikimkanda miguu, nikimchana nywele zake nyembamba. Warusini ni watu wa milimani, wana makanisa ya mbao yenye vichwa vitatu, wana kondoo, wana lugha yao, na hawajawahi kuwa na nchi ambayo jina lao limeandikwa kwenye pasipoti. Upande wao wa mlima wanaitwa Walemko. Kanisa lao liko chini ya Papa lakini mapadri wao wanaoa, na jambo hilo nililirudia saluni wiki nzima maana wakatoliki wetu walikataa kuamini. Babu yake alizaliwa chini ya mfalme wa Vienna, yeye akazaliwa Poland, nyumba ni ile ile. Binamu za mama yake, mashariki kidogo, walikuwa Chekoslovakia, wakawa Hungaria, wakawa Sovieti, wakawa Ukraine, na ng'ombe wao waliendelea kunywa mto mmoja.

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Nikamwambia, "Koko, mimi nililala Mzairwa nikaamka Mkongomani, na kitanda ni kile kile." Sisi kwetu bibi tunamwita koko. Yeye aliwahi kuniomba nimwite baba, eti kwao ndivyo bibi anavyoitwa. Nikakataa katakata, marehemu baba yangu angefufuka kuja kunichapa. Basi akabaki Koko, na tangu siku ile ya kisu tukawa na la kuzungumza.

Jambo ambalo alilisema bila kucheka ni la mwaka wa arobaini na saba, baada ya vita ya Hitler. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Pasaka ilikuwa imepita tu. Askari wa serikali walikuja asubuhi, wakatoa masaa mawili. Walisema wanakijiji wanawalisha waasi wa msituni, kwa hiyo wote watoke, mwenye kosa na asiye na kosa. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa mbali magharibi, wakatawanywa familia tatu hapa, mbili kule, ili wayeyuke kati ya watu wengine kama chumvi kwenye mchuzi. Mama yake alibeba unga, sanamu ya Bikira, na kuku aliyekuwa anaatamia, pamoja na kikapu chake. Askari walimcheka. Vifaranga walitotolewa ndani ya behewa, siku ya tano, na watu waliokuwa wanalia wakasimama kuwaangalia.

Nikamwambia sisi tulipokimbia Uvira hatukupewa hata hayo masaa mawili. Akafikiri. "Basi mlipata bahati," akasema. "Hamkupata muda wa kuchagua cha kuacha." Mpaka leo sijui kama nilikubaliana naye.

Mume wake alikuwa Mlemko mwenzake, walikutana huko walikotawanywa. Fundi wa mitambo. Walihamia Afrika Kusini miaka ya themanini, akafanya kazi kiwandani Jacobs, akafa, akazikwa hapa Durban. Koko alikuwa mjane kwa miaka zaidi ya ishirini nilipofika kwake. Kaburi la mzee lilikuwa ndilo shamba lake. Alikuwa na mambo yake mengi ya kufanya pale, lakini kubwa kuliko yote lilikuwa yai.

Hili lazima nilieleze vizuri. Jumapili moja baada ya Pasaka yao, ambayo mara nyingi huchelewa kuliko yetu kwa sababu wanafuata kalenda ya zamani, Warusini huwapelekea wafu wao mayai makaburini. Yai lenye mapambo linawekwa juu ya udongo. Ni kumwambia marehemu kwamba Kristo amefufuka, maana marehemu hana kalenda. Asipoambiwa, anangoja. Koko aliniambia hivyo kama mtu anavyokuambia kwamba asipolishwa paka atalia. Tangu amzike mume wake hakuwa amekosa hata mwaka mmoja. Na sababu yake ilikuwa kule kijijini. Siku ile ya masaa mawili watu wote waliondoka, aliye hai hakubaki, na nyumba zikachomwa. Makaburi yakabaki. "Babu yangu anangoja tangu arobaini na saba," alisema. "Bibi yangu, shangazi zangu, watoto wadogo. Kijiji kizima wanangoja. Mume wangu hatangoja."

Mara ya kwanza nilipomwona akiandika yai, mwaka 2012, nusura niache kazi. Fikiria mwenyewe. Mwanamke mzee amekaa jikoni, mshumaa unawaka, kibati cha nta kinayeyuka, mkononi ana kijiti kimechomekwa pini, na mbele yake yai. Kwetu vitu hivyo vikikaa meza moja, watu wanaita mchungaji. Nikasimama mlangoni nikikemea kimoyomoyo. Yeye akachovya kichwa cha pini kwenye nta, akagusa yai, akavuta. Ikabaki alama ndogo, nene mwanzoni, nyembamba mwishoni. Akachovya tena, akagusa, akavuta. Alama kumi na mbili kwa mzunguko, likawa jua. Kisha matawi ya msonobari, kisha reki ya kukusanyia majani makavu. Akalizamisha kwenye maji ya maganda ya vitunguu, likatoka jekundu la kahawia, akalisogeza kando ya moto, nta ikayeyuka, akaifuta kwa kitambaa. Mistari ikatokea myeupe, safi. Wao hawasemi wanapaka yai wala wanalipamba, wanasema wanaliandika.

Woga uliniisha kwa sababu ya mkono wake. Niliujua mkono ule. Mimi nikianza mstari wa nywele kisogoni, sipimi, vidole vinajua. Nikamwambia hii ni kazi kama yangu. Akasema wacha majivuno, lete chai.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata Koko akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mdomo umepinda kidogo, ulimi uko mzima kabisa, bahati mbaya yangu, lakini mkono wa kulia umelala kwenye mapaja kama si wake. Wiki nzima hakutaja mayai. Mimi nilijua anayafikiria, maana alikuwa akiuangalia ule mkono kwa hasira, kama unavyomwangalia mfanyakazi mvivu. Alijaribu kushoto. Yai likaanguka. Akajaribu tena, nta ikamwagika nguoni. Akakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia, bila sauti, machozi yakikata kwenye mikunjo.

"Atangoja," akasema.

"Hatangoja," nikamwambia. "Mimi sina mikono?"

Ulimi wangu huo. Ningejua kilichokuja ningefikiri mara mbili.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Nikachukua mayai kumi na mawili, nikayachemsha. Nani anafanya kazi ya siku nzima juu ya yai bichi likivunjika limwagike? Koko alipogundua alinyanyua fimbo kwa mkono wa kushoto. Yai la maiti halipikwi, alisema. Ndani lazima kuwe na uhai, ndiyo habari yenyewe unayoipeleka. Akanikumbusha kuku wa mama yake kwenye behewa. Tulikula saladi ya mayai siku tatu.

Nilijifunza kwa wiki saba. Jua langu la kwanza lilifanana na buibui aliyekanyagwa, yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Shida ni kwamba nta inaganda haraka: ukisita, alama inakuwa donge. Inabidi uchovye, uguse, uvute kwa pumzi moja. "Usifikiri," alikuwa akiniambia. "Ukisuka unafikiri?" Kazi za nyumba zilikuwa nyingi, nikaanza kubeba vifaa kwenda navyo nyumbani, nifanye mazoezi jioni na Jumamosi kabla wateja hawajaja. Koko akanipa na yai la mfano, lile la 2012, la mwisho lililoandikwa na mkono wake mwenyewe. Akanipa na picha ya mzee, ile ya kitambulisho cha kiwandani, ili nimjue ninayemwandikia. Nikaviweka vyote ndani ya sakoshi yangu ya saluni, pamoja na pini, mshumaa, nta na vipande vya nywele za bandia ambavyo havikosekani humo.

Sasa niwaambie kuhusu Yaya. Mjini nilikuwa nagawana chumba na mwanamke mmoja Mrundi, mkubwa wangu kwa miaka kumi, nikimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Pazia katikati, yeye dirishani, mimi mlangoni. Aliuza nyanya na vitunguu barabarani, karibu na robot, hizo taa za kuongozea magari, na alikuwa nguzo ya kikundi cha maombi. Moyo wa dhahabu, pua ya polisi. Sikuwa nimemwambia habari za mayai. Niliogopa kueleza, hiyo ndiyo kweli yenyewe, nikasema nitaeleza baada ya Jumapili ya kaburi. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi ndiye niliyemwacha Yaya gizani.

Ijumaa, siku mbili kabla ya ile Jumapili, nilikuwa na mayai matatu mazuri. Koko alikuwa ameyaona Alhamisi, akayageuza, akasema yanapita. Kwake hiyo ni sifa. Niliyaacha chumbani ndani ya sakoshi, nikaenda kusuka. Yaya akafagia. Akainua sakoshi, ikamwagika.

Nilijua nilipofika kanisani kwenye maombi ya saa nane mchana. Uani, nyuma ya ukumbi, watu kama kumi na watano wamesimama duara, wengine wameziba pua. Chini, kwenye saruji, maganda mekundu ya kahawia yenye mistari myeupe, na uchafu wa kijani. Yai la mwaka mzima likivunjwa hunuka, hakuna haja nikuambie. Kwao ule uvundo ulikuwa ushahidi. Mchungaji alikuwa ameshika picha ya mzee kwa ncha za vidole.

"Dada," akaniambia kwa huruma, "adui ameshindwa."

Yaya alikuwa analia. "Mdogo wangu, nani alikufungia hii kitu? Iko mayai, iko pini, iko nywele, na iko picha ya mzungu. Walitaka kukuua."

Hasira hasara, najua. Lakini nilisema maneno pale uani ambayo sijawahi kuyasema mbele ya mtumishi wa Mungu, na mengine sikujua kama ninayajua. Niliwaambia wameua yai la mwisho la mwanamke ambaye mkono wake umekufa. Niliwaambia yule mzungu kwenye picha ni marehemu anayengoja kuambiwa kwamba Yesu amefufuka, na wao waliookoka ndio waliomzuia. Nikampokonya mchungaji picha. Nikapiga magoti kwenye ule uvundo kuokota maganda, lakini yalikuwa yamesagwa na visigino. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikatoka na picha na pini, nikatembea mpaka rank ya teksi bila kujua ninaenda wapi.

Yaya alinifuata. Hana pumzi lakini alinifikia. Akauliza, "Amefufuka, wanamwambia kwa yai?"

"Ndiyo."

"Na lile lililonuka lilikuwa la mama mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Kesho ninaenda na wewe. Nitamwangalia machoni. Akiwa mchawi nitajua. Asipokuwa, nitamwomba msamaha." Nikamwambia sitaki kumwona kesho, wala kesho kutwa. Akasema sawa, lakini atakuja.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani kabla sijaamka. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki. Ndani yake maganda ya vitunguu matupu, makavu, mengi kuliko aliyowahi kukusanya Koko kwa mwaka. Nilikuwa nimemtajia hayo maganda njiani, katikati ya kumgombeza. Sikusema asante, lakini nilimshikia kiti kwenye teksi.

Nilimweleza Koko jikoni, nimesimama, nikimtazama. Sikuficha kitu. Aliposikia lile la 2012 pia limeenda, akafumba macho. Nilitamani anipige. Yaya akapiga magoti mbele ya kiti chake, mwanamke mzito yule, akamshika ule mkono uliolala, akasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilimtoroka, "Mama, nisamehe, sikujua." Nikatafsiri. Koko akafumbua macho, akanigeukia.

"Mwulize lilinuka?"

"Sana," nikasema.

Akaanza kutetemeka, nikadhani ni kiharusi kingine. Alikuwa anacheka. "Bishop wetu alifungwa, makanisa yakachukuliwa, nyumba zikachomwa," akasema, "na mayai hayakuwahi kupigwa vita na mtu. Huyu ndiye wa kwanza." Kisha akajifuta macho kwa kushoto. "Washa mshumaa. Leo ni Jumamosi, kesho ni Jumapili, na mnanipotezea muda."

Hakukuwa na mfano tena wa kutazama. Nilimwambia sikumbuki mpangilio wote, reki inaanzia wapi, tawi linageukia wapi. Akasema hakuniuliza ninakumbuka nini, aliniambia nichovye. Yaya akachemsha maganda. La kwanza nililiandika nikiwa bado nina hasira, na yai linasikia: jua likaegemea upande mmoja, reki ikakosa jino. Nikaliweka kando. Nikanawa uso. La pili nilipolishika niliwaza kichwa cha mteja, mstari wa kwanza kisogoni, na nikaacha vidole viende. Chovya, gusa, vuta. Sikuinua macho mpaka nta ilipokwisha. Tulipolifuta kando ya moto, Yaya ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo, "Yesu wangu, ni zuri." Lilikuwa zuri kweli. Ninasema mwenyewe, nani atanisemea.

Jumapili tulikodi gari. Yaya alitoka kanisani mapema, kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu nimjue, akatukuta getini kwa makaburi. Aligoma kuingia ndani kabisa. Akasimama kwenye njia, anaomba chinichini kwa Kirundi, sikujua anamkemea nani au anambariki nani. Mimi nikamsukuma Koko kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwa mzee. Juu ya ukuta walikaa tumbili wanne, wametulia, wanatutazama.

"Hao wanaijua tarehe kuliko padri," Koko akasema. "Kila mwaka wanamsaidia kula."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa mayai yote mawili ndani ya kitambaa, lile zuri na lile lililopinda, nililolibeba tu kwa sababu sikutaka kulitupa. Akavaa miwani. Aliligeuza lile zuri polepole, jua, matawi, reki, meno yote ya reki. Nilisubiri. Nilikuwa nimelifanyia kazi wiki saba na kuligombea na kanisa zima. Kisha akafungua mkoba wake, akalifunga lile zuri kwenye leso, akalitia ndani, akafunga zipu. Akanikabidhi lililopinda.

"Weka hili."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia, "Koko, hilo ni bovu. Hilo zuri ndilo la mzee. Ndilo nililoliandika kwa ajili yake."

"Mzee atapata hilo. Habari ni ile ile. Amefufuka, hata reki ikikosa jino." Akauweka mkono juu ya mkoba. "Hili ni langu. Utaniwekea mimi."

Alilisema kama mtu anayekuagiza mkate. Ndipo nikaelewa kilichomliza jikoni siku ile. Binti yake yuko ng'ambo na hajui kushika pini. Miaka zaidi ya ishirini Koko alimpelekea mume wake yai akijua kwamba yeye mwenyewe, siku yake ikifika, hana wa kumletea. Nilipiga magoti nikaliweka yai lililopinda juu ya udongo, na nikalia hapo hapo, kwa nguvu, kama tunavyolia kwetu, mpaka Yaya akaja mbio kutoka njiani akidhani nimepagawa. Koko akamwambia mzee maneno kwa lugha yao, akatuonyesha sisi wawili kwa kidole. Tulipogeuka kuondoka tumbili walikuwa wameshashuka ukutani.

Mwaka uliofuata niliandika bora zaidi. Koko akaliangalia, akatoa lile la mkobani ambalo sasa lilikuwa linakaa kwenye kabati la vikombe, akayalinganisha. Lile la zamani likaenda kwa mzee, jipya likaingia kabatini. Yaya alikuwepo, siku hizi ndiye wa maganda, na akifika kwenye kikundi cha maombi anawaeleza Warusini ni nani, ingawa historia yenyewe anaichanganya.

Halafu ikaja 2015, wakati wa ile fujo ya kufukuza wageni mjini. Saluni zilifungwa, Yaya aliacha nyanya zake barabarani akakimbia. Koko alipiga simu, akasema vyumba viwili viko tupu na yeye hatoi masaa mawili, tuje sasa hivi. Tulikaa kwake mpaka mitaa ikatulia. Hofu ilinifanya nisilale usiku wala nisitulie mchana, kwa hiyo niliandika. Mayai saba. La saba nilipolifuta nta nililisogeza kwenye mwanga. Kila alama ilikaa mahali pake. Yaya alilitazama akasema hapa hakuna kosa, hata malaika wasingeliongezea kitu.

Nikampelekea Koko kitandani. Akaomba miwani, akaomba taa. Akaligeuza, akatafuta. Alihesabu miale ya jua kwa ukucha, akahesabu meno ya reki, akarudi tena kwenye jua. Alilitafuta kosa muda mrefu kuliko alivyowahi kulitafuta. Mimi nilikuwa nimesimama, na nilikuwa sitaki alikubali, maana akishapata lisilo na kosa hana tena la kungoja.

Akanirudishia.

"Bado," akasema. "Mpelekee mzee. Mwakani utaniandikia lingine."